Wazazi na Watoto: Mwaka Ambao Shule Zilifungwa Kisii na Nyamira

Siku ya Jumapili, tarehe 15 Machi, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote za Kenya zifungwe kwa sababu ya maradhi ya korona. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake. Wanafunzi wa shule za bweni walipewa muda hata Jumatano, na wale wa vyuo vikuu hata Ijumaa. Mgonjwa wa kwanza wa maradhi hayo alikuwa ametangazwa nchini siku mbili tu kabla ya hapo. Katika nchi ya milima ya Kisii na Nyamira habari hiyo ilipokewa kwa utulivu. Mtu hawezi kubishana na maradhi asiyoyajua, na habari za vifo vya Italia na China zilikuwa zimekwisha kufika hata vijijini.

Kwa siku tatu vituo vya magari vya Kisii mjini, Keroka na Nyamira vilijaa masanduku ya bati na magodoro yaliyofungwa kamba. Wazazi wengi walidhani kwamba ni likizo ya Aprili iliyokuja mapema kidogo, wala hawakufikiri zaidi. Akina mama walifurahi kupata mikono ya kuchuma chai, maana mvua za masika zilikuwa zikianza, na wakati huo majani huchipuka upesi kuliko mchumaji mmoja awezavyo kuyamaliza. Mtoto arudiye nyumbani kwa majuma matatu ni mgeni. Hupikiwa vizuri na kuulizwa habari za masomo. Hakuna aliyejua kwamba wageni wale watakaa karibu miezi saba, na wengine zaidi ya miezi tisa.

Mwisho wa Machi ilitolewa amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili watu walikatazwa kuingia Nairobi na kutoka. Amri hii ya pili iliwaumiza watu wa Kisii na Nyamira kuliko walivyotazamia, maana ni nyumba chache ambazo hazina mwana au binti afanyaye kazi Nairobi. Kijana aliyekuwa akileta fedha nyumbani mwisho wa mwezi alikaa chumbani huko Nairobi bila kazi, na wengine waliomba wapelekewe ndizi na unga kutoka nyumbani. Hivyo mzazi alikuwa na watoto zaidi wa kulisha na fedha chache za kuwalishia, kwa wakati mmoja.

Juu ya masomo, Serikali haikukaa kimya. Wizara ya Elimu pamoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipanga masomo ya redio, ya televisheni na ya intaneti, na ratiba yake ilitangazwa wazi. Walakini, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, zenye redio zilikuwa kama 57, zenye televisheni kama 41, na zenye intaneti kama 18 tu. Shirika la Usawa Agenda lilipochunguza mambo hayo mwaka 2020, liliona kwamba katika kila watoto 100 ni 22 hivi tu waliokuwa wakifuata masomo kwa njia hizo mpya.

Hata nyumba yenye redio ilikuwa na shida yake. Redio ni moja, na watoto ni wanne wa madarasa manne. Somo la darasa la saba linapoanza, wa kidato cha pili hana la kufanya, na baba naye anataka kusikia taarifa ya habari. Simu nayo ni ya baba, tena humfuata baba. Akienda kituo cha kuuzia majani ya chai, masomo yamekwenda pamoja naye. Wazazi walionunua vifurushi vya intaneti ili mtoto asome waligundua baada ya siku mbili kwamba kifurushi kimekwisha na kitabu hakijafunguliwa. Hapana shaka wako watoto waliofaidika, hasa wale ambao mama au baba yao ni mwalimu au karani. Lakini mzazi aliyeachia darasa la sita hakuweza kusahihisha hesabu za aljebra, na kuambiwa kwamba sasa yeye ndiye mwalimu wa nyumbani kulimtia haya mbele ya mtoto wake.

Ili kuelewa kwa nini wazazi wa pande hizi walihangaika kuliko wengine, yafaa kutazama mashamba yao. Hesabu ile ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 Kisii, na 605,576 Nyamira. Katika kila kilomita moja ya mraba ya Kisii walikaa watu 957, na Nyamira watu 675, ambapo wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82 tu. Nchi ni nzuri, mvua haikosi, chai na ndizi na mahindi huota bila kubembelezwa. Lakini ardhi haizai ardhi. Babu aliyekuwa na ekari kumi aliwagawia wana watano ekari mbili mbili. Wana wale nao wakawagawia wana wao. Leo yuko mtu ambaye shamba lake lote ni mistari ya michai iliyo kati ya mlango wa nyumba yake na kaburi la baba yake. Mtu huyo ana wana watatu. Akiwagawia, kila mmoja atapata mahali pa kujenga nyumba na kufuga kuku, basi.

Ndiyo maana mzazi wa Kisii asemapo kwamba amempa mtoto urithi wake, mara nyingi maana yake ni karo. Fedha ya bonasi ya chai, ambayo hulipwa kila mwaka karibu na mwezi wa Oktoba, haikai mfukoni. Huhesabiwa kwa jina la mtoto fulani na shule fulani kabla haijafika. Watu wa nje huwacheka Wagusii kwa kushindania mitihani na kujaza miji yao vibao vya shule za binafsi. Hawajui kwamba huko darasa ndilo shamba jipya. Kwa hiyo shule zilipofungwa, mzazi hakuona kwamba mtoto amepewa mapumziko. Aliona kama mtu aliyekatazwa kulima msimu mzima, na hali mbegu amekwisha kuinunua.

Haikuwa hivyo sikuzote. Shule za Kisii zimepata kukatika zamani pia, kwa sababu nyingine. Mwezi wa Septemba, mwaka 1914, vita ya Waingereza na Wadachi ilifika Kisii mjini, na katika machafuko yale misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa ziliporwa, mafunzo yakasimama. Wakati ule waliokuwa na watoto katika mafunzo hayo walikuwa wachache sana, na wazee wengi waliona kwamba kijana ana faida zaidi akichunga ng'ombe. Malisho yalikuwapo. Wajukuu wa wazee wale ndio waliohesabu siku za mwaka 2020 moja moja, kwa kuwa ng'ombe na malisho vimekwisha kwenda.

Mambo yalibadilika mwezi wa Julai. Jumatatu tarehe 6, Rais alifungua barabara za Nairobi, na watu wakasema kwamba taabu sasa inaelekea mwisho. Kesho yake, Jumanne, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, alitangaza kwamba mwaka wote wa masomo wa 2020 utahesabiwa kuwa umepotea, na kwamba shule za msingi na za sekondari zitafunguliwa Januari 2021. Mitihani ya darasa la nane na ya kidato cha nne haitafanywa mwaka huo. Ndipo wazazi walipogawanyika.

Waliopigwa zaidi ni wale wenye watoto wa darasa la mwisho. Mtu mwenye kijana wa kidato cha nne alikuwa amekwisha panga: mwaka huu huyu anamaliza, mwakani karo inamhamia mdogo wake. Mpango wa miaka minane ulivunjika kwa tangazo la nusu saa. Sasa watoto wawili watadai karo kwa mara moja. Tena kijana wa miaka kumi na tisa aliyeambiwa kwamba atakaa nyumbani miezi sita zaidi si rahisi kumrudisha darasani. Amekwisha onja fedha. Wengine walikuwa wamepanda pikipiki za abiria, wengine walikwenda kuchimba na kuchonga mawe ya sabuni ya Tabaka, wengine walichuma chai ya jirani kwa kulipwa kwa kilo. Kijana aliyezoea kushika noti yake mwenyewe kila jioni huanza kuuliza cheti kitamfaa nini, na baba asiye na shamba la kumwonyesha hana jibu jepesi.

Walikuwako pia wazazi waliomshukuru Waziri, na haifai kuwadharau. Hao hasa walikuwa na watoto wadogo. Walijua madarasa yao yalivyo: watoto sitini au sabini, dawati moja la watatu, na maji ya mvua yakiisha mtungi wa shule hukauka. Walijua tena kwamba mtoto akitoka darasani hurudi kulala katika nyumba ya bibi, na kwamba maradhi yale yalikuwa yakiwaua wazee zaidi. Kwa watu kama hao mwaka wa masomo unaweza kulipwa, lakini bibi halipwi. Katika baraza za machifu, makanisani na katika vituo vya chai, hoja hizi mbili zilisikika pamoja, na mara nyingi mume alikuwa upande mmoja na mke upande wa pili.

Wizara ilifikiri njia ya katikati, yaani walimu wakutane na watoto vijijini katika makundi madogo, chini ya miti na katika viwanja, ili wasisahau yote. Mzazi mmoja alipeleka shauri mahakamani, na Mahakama Kuu ikausimamisha mpango ule kabla haujashika. Wako wazazi waliosikitika, maana waliona kwamba watoto wanakutana vile vile mitoni na viwanjani, tofauti ni kwamba hakuna mwalimu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halikusemwa barazani, nalo pengine ndilo lililowasumbua watu usiku kuliko karo. Wazazi waliwaona watoto wao kuwa wageni kweli.

Desturi ya Wagusii ina mipaka yake kati ya kizazi na kizazi, nayo huitwa chinsoni. Baba na binti yake hawasemi mambo ya mwili. Baba na mwana aliyekwisha tahiriwa hawataniani. Kijana akiisha tahiriwa halali tena ndani ya nyumba ya mama yake, hupewa kibanda chake. Zamani desturi hii haikuleta hatari, kwa sababu mafundisho yale yalikuwa mikononi mwa babu na bibi, na kijana mwenye kibanda chake alikuwa na ng'ombe wa kulinda na wenzake wa rika waliomchunga. Baadaye bibi akabaki mbali au akafa, ng'ombe wakaisha, na kazi ile ikachukuliwa na shule za bweni bila mtu yeyote kuitangaza. Mwalimu wa zamu akawa babu. Mama wa bweni akawa bibi. Mzazi alilipa karo ya hesabu na Kiingereza, na ndani yake, bila kujua, alilipa pia ulinzi wa mtoto wake kwa miezi tisa ya kila mwaka.

Mwaka 2020 ulinzi ule uliondolewa siku moja, na desturi ilibaki pale pale. Baba aliona kwamba mwanawe harudi kibandani hata usiku wa manane, amri ya Serikali au isiwe amri, na hakujua aanzie wapi kumwuliza. Mama aliona binti yake amenyamaza, akaogopa kuuliza, akasubiri. Waliosema kwa hasira kwamba shule zifunguliwe wawaondolee watoto hawa walilaumiwa sana kuwa ni wazazi wavivu. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Wengi wao hawakuwa wavivu. Walikuwa watu waliorudishiwa kazi ambayo hawakupata kufundishwa, tena kazi ambayo adabu yao wenyewe iliwakataza kuifanya waziwazi.

Habari za mimba ziliongeza hofu. Mwezi wa Juni magazeti yaliandika kwamba Machakos peke yake imepata karibu wasichana 4,000 wenye mimba katika miezi mitano, na nchi nzima ikashtuka. Hesabu hiyo, ilipolinganishwa na miezi ile ile ya mwaka uliotangulia, haikuwa imezidi. Hofu ilikuwa imetangulia hesabu. Hata hivyo, hofu haikuwa bure. Utafiti uliofanywa Siaya, ambako si mbali na Kisii, na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wasichana waliofungiwa shule kabla ya kumaliza sekondari walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya mtihani wa mwisho kuliko wale waliowatangulia, na hatari ya mara tatu ya kuacha shule. Ubaya haukuonekana Juni. Ulionekana pale kiti kilipobaki kitupu darasani.

Katika Kisii na Nyamira kulikuwa na hatari nyingine juu ya hiyo. Ukeketaji wa wasichana umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba wanawake 84 katika kila 100 wa kabila la Kisii walikuwa wamefanyiwa. Kwa kawaida jambo hilo hufanywa katika likizo ya Novemba na Desemba, kwa siri, na siku hizi mara nyingi kwa mkono wa mwuguzi anayekuja usiku na mkoba wake. Shule ndiyo iliyokuwa ikiweka mpaka. Msichana asiyefika darasani siku mbili huulizwa na mwalimu, na mwalimu humwambia chifu. Mwaka 2020 likizo haikuwa na mwisho, na hakuna mwalimu aliyekuwa akihesabu. Hapa haiwezekani kusema kwamba wazazi walikuwa wenye kuonewa tu. Wako waliofanya kwa makusudi, wakiona kwamba nafasi imepatikana na jeraha litapona kabla ya kengele ya shule. Wako pia mama waliowaficha binti zao kwa dada zao mjini ili bibi wa upande wa baba asiwapate. Yote mawili yalifanyika katika kijiji kimoja.

Juu ya walimu, mwaka ule ulileta uchungu uliokaa muda mrefu. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu aliendelea kupokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi, kama ilivyo haki. Mwalimu wa shule ya binafsi, mwenye shahada ile ile na nyumba ya jirani, hakupata kitu, kwa sababu mshahara wake ulitoka katika karo, na karo haikulipwa. Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, mwenye shule mmoja aliyafanya madarasa yake kuwa mabanda ya kuku, na picha zake zilikwenda dunia nzima. Kisii walimu wa namna hiyo walionekana wakiuza mboga kando ya barabara na kuchuma chai katika mashamba ya wazazi wa wanafunzi wao. Ni jambo gumu kwa mtoto kumwona mwalimu wake akipimiwa kilo za majani na baba yake. Wazazi wenye uwezo kidogo waliwaita walimu hao nyumbani wakati wa jioni, wakakusanya watoto watano au sita wa jirani, wakawalipa kwa fedha au kwa debe la mahindi. Huenda hakuna masomo yaliyofaa zaidi ya hayo mwaka mzima, ijapokuwa aliyekosa la kulipa aliachwa nje ya mlango.

Kadiri miezi ilivyopita wazazi walianza kutazama mipaka. Isebania si mbali, na watu wa Kisii hufanya biashara na jamaa zao wa upande wa Tarime. Tanzania ilikuwa imefunga shule zake siku zile zile za Machi, lakini ilizifungua zote tarehe 29 Juni. Watu waliuliza kwa nini maradhi yanajua mpaka. Jibu lilikuwa kwamba kila Serikali ilipima hatari kwa mizani yake, na mizani ya Tanzania wakati ule ilikuwa ya namna yake, maana ilikuwa imeacha hata kutangaza hesabu ya wagonjwa. Upande wa pili, Uganda ilifunga shule kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Watoto wengi huko hawakurudi darasani mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Mzazi wa Nyamira aliyejiona mwenye bahati mbaya angeweza kumwuliza mzazi wa Busia upande wa Uganda.

Kilichowaudhi watu zaidi ni mwisho wa Septemba, Rais aliporuhusu vilabu vya pombe vifunguliwe, na hali shule bado zimefungwa. Hapo hata wale waliokuwa wakishukuru mwezi wa Julai walibadili nia. Ikiwa baba anaweza kukaa na wenzake ishirini mezani, mtoto naye anaweza kukaa na wenzake darasani. Hoja hiyo haikuhitaji shahada. Tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa warudi.

Mara wazazi wale wale waliolilia shule walianza kuogopa kuwapeleka watoto. Jambo hili liliwashangaza watu wa mjini, lakini si la ajabu. Wizara ilitaka kila mtoto awe na barakoa, na barakoa hupotea kama kalamu. Baadhi ya walimu walifariki muda mfupi baada ya kurudi kazini, na habari kutoka Mombasa mwezi wa Novemba, kwamba mwalimu mkuu wa shule ya sekondari amekufa kwa korona, zilisomwa kwa sauti nyumbani. Mzazi alimpeleka mtoto asubuhi, na jioni alimsubiri njiani asikilize kama anakohoa.

Wanafunzi wengine wote walirudi tarehe 4 Januari, 2021. Serikali iliwaagiza machifu wapite nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Wengi walipatikana, wengine walikuwa wameolewa, wengine walikuwa Nairobi wakifanya kazi za nyumbani, na wengine walikuwa juu ya pikipiki na hawakutaka kushuka. Waliorudi nao hawakuwa watoto wale walioondoka. Mwezi ule ule, katika shule moja ya sekondari ya Kisii, mwanafunzi aliwadunga walimu wawili kwa kisu. Mijadala ilianza upya kama fimbo irudishwe shuleni. Wako wazazi waliounga mkono fimbo kwa nguvu sana, na hao wengi wao walikuwa wale ambao nyumbani, kwa miezi tisa, hawakuthubutu kuiinua.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya fedha. Ili kuurudisha mwaka uliopotea, Wizara ilifupisha mihula, ikapunguza likizo, ikaingiza mihula minne ndani ya miezi kumi na miwili. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai, na ule wa 2022 ulianza mwezi wa Aprili. Chai haikubadili kalenda yake. Bonasi iliendelea kuja Oktoba peke yake, na karo sasa ilidaiwa Januari, Mei, Julai, Oktoba, na Januari tena. Kwa kuwa majuma ya masomo yalikuwa yamepunguzwa kutoka 39 hata 30, Wizara ilishusha karo ya shule kubwa za bweni kutoka shilingi 53,554 hata 45,054 kwa mwaka, na ya shule nyingine za bweni hata 35,035. Mzazi aliyesoma tangazo hilo alifurahi mpaka alipofika ofisi ya shule na kuonyeshwa orodha ya malipo mengine. Wako waliouza ng'ombe wa maziwa, na wako waliokodisha mistari ya chai kwa mwaka mmoja au miwili kwa mtu mwenye fedha taslimu, wakachuma chai ile ile kama vibarua katika shamba lililo lao.

Kalenda ilirudi mahali pake Januari 2023. Watoto wa Gredi ya 4 walioitwa kwanza Oktoba 2020 ndio waliofungua Gredi ya 7 mwezi huo huo, katika madarasa mapya ambayo shule nyingi za vijijini zilikuwa hazijamaliza kuyapiga lipu. Mwisho wa mwaka 2025 walifanya mtihani wao wa Gredi ya 9, na Januari 2026 walikuwa tena katika vituo vya magari vya Kisii, Keroka na Nyamira, na masanduku ya bati, wakielekea shule za sekondari ya juu. Bonasi ya Oktoba ilikuwa imekwisha kulipwa, na katika nyumba nyingi ilikuwa imekwisha kutumika.